Kinachomziba Baba Dan Pumzi

Kwanza aliondoka paka. Hakuwa hata paka wetu, alikuwa wa jirani, lakini wifi yangu Ivyne alimkuta mlangoni siku moja akasema manyoya ya paka humwingia mtu kifuani yakakaa huko miaka. Tukamfukuza. Baada ya paka likaondoka blanketi zito tulilopewa siku ya harusi, kisha mapazia, kisha zulia. Likaondoka jiko la makaa, nikaanza kupikia stovu ya mafuta taa, halafu ikasemekana mafuta taa ndiyo mabaya zaidi, nikatafuta gesi. Nikaacha kukaanga vitunguu ndani. Nikaacha mafuta yangu ya kujipaka yenye harufu nzuri, nikawa najipaka ya mtoto. Nilikuwa nimeolewa miaka kumi na sita, mwanamke mzima ninayeitwa nyanya na mjukuu wa dada yangu, na nilikubali kunukia kama kichanga cha miezi mitatu ili mume wangu apumue.

Hakupumua. Vitu vya kuondoa vikaisha nyumbani, tukabaki sahani, kitanda na mimi.

Mume wangu anaitwa Zedekiah, mimi humwita Baba Dan, na kazi yake wakati huo ilikuwa kupiga magari rangi. Tulikaa Kangemi, chumba kimoja na jiko dogo. Mtoto wetu Dan alikuwa shule ya bweni kwetu Vihiga. Zedekiah alifanya kazi kwenye gereji ya mzee mmoja anayeitwa Mungai, sehemu ya chini ya Westlands, na mimi nilipika chai na kusafisha ofisi hapo hapo Westlands, ghorofa ya sita, ambapo nikisimama dirishani niliyaona mabati ya gereji yao. Wala asidhani mtu kwamba mume wangu alikuwa fundi wa kubahatisha. Gari likiletwa mlango mmoja umegongwa, alichanganya rangi kwa jicho tu, bila mashine, na ukilitazama juani hungejua mlango upi umepigwa upya. Watu walitoka Loresho na magari ya bei ya nyumba, wakimtafuta yeye kwa jina. Alijivunia sana jambo hilo, na mimi pia nilijivunia.

Kifua kilianza mwaka 2004. Ajabu ni kwamba kazini alikuwa mzima. Aliondoka asubuhi akipiga mluzi, akashinda anapiga rangi, akarudi jioni akala, na kabla sijaosha sahani kifua kilishaanza kulia. Macho yanakuwa mekundu, pua inachuruzika, vipele vinatoka shingoni hadi nyuma ya masikio. Kufika saa mbili yuko kitandani, viwiko juu ya magoti, anavuta hewa kama anayeinyonya kwa mrija. Na hayo yote yanampata akiwa wapi? Nyumbani kwangu. Mbele ya nani? Mbele yangu. Ndivyo watu wa kwao walivyopiga hesabu, na kwa mvivu wa kufikiri hesabu hiyo ilikuwa sawa kabisa.

Halafu ikaja Krismasi ya mwaka uliofuata. Zedekiah akaenda Vihiga wiki tatu. Mimi nikabaki, kwa sababu ofisi haikufunga. Huko alilala kwenye nyumba ya mama yake yenye moshi wa kuni, ng'ombe amefungwa hatua tano kutoka mlangoni, kuku wanaruka hadi mezani, na hakukohoa hata mara moja. Alicheza mpira na Dan. Mama mkwe alinipigia simu kunipa habari hizo, na sauti yake haikuwa ya furaha tupu.

"Huku ni mzima, Philister," akasema. "Shida iko huko kwako."

Nilimwambia namshukuru Mungu kwamba ni mzima. Nikaweka simu chini nikalia, kwa sababu mimi mwenyewe nilishaanza kuamini. Zedekiah aliporudi Kangemi alikaa siku mbili tu, kifua kikafunga tena.

Kazi yake hakuna aliyeishuku, na sababu ni maziwa. Kila siku saa nne Mungai aligawia kila fundi wa rangi pakiti ya nusu lita. Ni desturi ya gereji, ya viwanda, hata wapakuaji saruji huyadai: maziwa yanaosha kemikali mwilini. Baba yangu mwenyewe alitengeneza betri za magari miaka mingi, na maziwa yake tuliyaona mezani kila jioni, sisi watoto tukiyamezea mate bila kuyagusa. Kwa hiyo Ivyne alipouliza, mara moja tu, mwanzoni, kama labda rangi ndiyo inamdhuru kaka yake, Zedekiah alijibu, "Hiyo inaoshwa na maziwa," na mjadala ukafungwa. Mimi nilikuwa wa kwanza kukubali. Siku ambazo Mungai hakuleta, nilimnunulia mume wangu pakiti kwa mkono wangu.

Agosti 2006 Ivyne akaja na mpango. Yeye alipanga chumba cha uani Woodley, kwenye zile nyumba za zamani za kanjo, baraza la jiji, na alikuwa na nafasi. Alikaa kwenye kiti changu, akakataa chai yangu, akaongea akitazama ukuta.

"Mama Dan, hakuna mtu anakulaumu. Lakini hata wewe unaona. Jumamosi nakuja na pikap. Zedekiah atakaa kwangu mpaka apone."

"Na kazi?"

"Kazi si ataenda kutoka kwangu? Kazi haina shida."

Zedekiah alikuwepo. Alikuwa amekaa pembeni ya kitanda anaangalia viatu vyake. Nilimngoja aseme neno, hata "tutaona" ingenitosha, lakini hakusema. Nimewajua wanawake wa kwetu waliohamishiwa mume hadi apone, wakamwona tena siku ya mazishi, tena kutoka viti vya nyuma. Nilijua pikap hiyo ikija, ndoa yangu imepanda humo pamoja na masanduku.

Zilikuwa zimebaki siku nne. Ofisini kulikuwa na msichana wa mapokezi anayeitwa Jackie, mwenye pumu tangu utotoni, na ndiye aliyeniandikia kwenye karatasi jina la daktari wa mapafu mjini. Alhamisi mchana nikaomba ruhusa. Zedekiah alikubali kuja kwa uso wa mtu anayemsindikiza mwingine. Tulipanda ngazi za jengo moja la Moi Avenue hadi ghorofa ya nne, akipumzika kila ghorofa na kusingizia kwamba anasoma vibao vya milangoni.

Daktari Waithera alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, sauti ya chini, asiye na haraka. Alimpulizisha kwenye kibomba chenye namba, mara tatu, akaandika. Kisha akaanza kuuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Jumapili jioni unakuwa aje?"

"Jumapili afadhali."

"Jumatatu jioni?"

"Jumatatu ni mbaya."

"Na ukienda likizo?"

"Napona kabisa."

Hapo nilikaza moyo, nikangoja jina langu litajwe. Lakini daktari aliuliza, "Mzee, unafanya kazi gani?" Akamwambia. "Hiyo rangi mnachanganya na hadina?" Hadina ni kile kidawa cha mkebe mdogo kinachoifanya rangi ikauke haraka, iwe ngumu na kung'aa. Zedekiah akasema ndiyo, bila hadina gari la siku hizi halipigwi. "Na usoni unavaa nini?" Akasema anafunga leso.

Daktari aliweka kalamu chini.

"Sasa sikiza, mzee. Hadina ukiipiga na hiyo mashine inakuwa mvuke, na wewe unaivuta. Mwili inaweza nyamaza miaka kumi, kumi na tano. Halafu siku moja inaamua hii kitu ni adui. Ikishaamua hivyo, haisahau. Kutoka hapo hata ukivuta kidogo tu, hata kama ni mwenzako anapiga na wewe umesimama kando, mwili inapigana nayo, na hiyo vita inapiganiwa ndani ya kifua yako. Njia ya hewa inavimba, inajifunga. Hata hizo vipele na macho ni hiyo hiyo."

"Lakini daktari, nikiwa kazini niko sawa. Nashikwa nikifika nyumbani."

"Kwa wengi inachelewa. Unavuta asubuhi, inakushika jioni. Ndio maana watu wanalaumu nyumba."

Nilishika meza yake. Nilitaka tu kushika kitu.

"Na maziwa?" Zedekiah akauliza. "Sisi hukunywa maziwa kila siku."

"Maziwa inaenda tumbo. Hewa inaenda mapafu. Hizo ni njia mbili na hazikutani. Kunywa kama unaipenda, lakini hakuna kitu inaosha."

Alimpa inhela, akamwonyesha namna ya kuivuta, akamwonya. Inhela itafungua njia, lakini haimfukuzi adui. Asiitumie ili apate kuendelea kupiga rangi, maana mtu akijisikia vizuri huvuta sumu zaidi. Akaandika barua kwa mwajiri kwamba Zedekiah asikaribie hadina tena, si kwa mask ya duka wala kwa muda mfupi. "Ukiendelea," akamwambia, "itafika siku itajifunga na hii dawa ishindwe kuifungua."

Nitasema ukweli. Mume wangu alikuwa ametoka kuambiwa habari ya kumvunja fundi yeyote, na mimi nilishuka zile ngazi nikiwa na furaha. Nilitembea Moi Avenue kati ya watu nikisema moyoni, si mimi, si mimi, si mimi. Nilijionea aibu na bado nikaendelea kufurahi. Nilitaka kumpigia Ivyne palepale barabarani.

"Usimwambie bado," Zedekiah akasema. "Wacha niongee na Mungai kwanza. Kesho nampelekea barua."

Nikakubali. Baada ya miaka miwili siku moja zaidi haikuwa kitu.

Ijumaa asubuhi, baada ya yeye kutoka, nilikuwa natandika kitanda nikaikuta barua chini ya godoro, kwa upande wake. Nikafikiri ameisahau, nikamhurumia. Mtu amechanganyikiwa, nikasema, ngoja nimsaidie. Saa ya chakula cha mchana nikaiweka ndani ya aproni yangu ya kazi, nikateremka hadi gereji.

Mungai hakuwepo. Nilimkuta Oloo, fundi wa kunyoosha bodi, ambaye ametufahamu tangu Dan akiwa mchanga. Kompresa ya kupulizia rangi ilikuwa inanguruma. Kule nyuma wametengeneza chumba cha kupigia rangi kwa mbao na nailoni, na ndani yake niliona mkono unakwenda kushoto, unarudi kulia, taratibu, bila kutetemeka. Mkono huo naujua.

"Huyo si ni Baba Dan?" nikauliza.

"Ni yeye. Kuna gari ya Loresho inatakikana leo."

Nikampa barua. Oloo alijipangusa mikono kwenye suruali, akaisoma pole pole akisogeza midomo, akanirudishia.

"Pole, shem. Lakini hii maneno si Zedi anaijua kitambo?"

"Ameijua jana. Mimi ndiye nimempeleka."

"Zii, si jana. Tangu ile mambo ya Lenox."

Lenox nilimkumbuka. Alipiga rangi pamoja na mume wangu, kijana mchangamfu, akaacha kazi ghafla mwaka 2003 akarudi kwao Luanda, kule kule Vihiga. Sisi tuliambiwa amechoka na Nairobi, anataka kulima.

"Kulima gani?" Oloo akasema. "Lenox alikuwa anafungwa kifua kila jioni. Ni Zedi alimpeleka hospitali, hata akaingia na yeye kwa daktari. Wakaambiwa ni hadina. Alirudi hapa akatueleza sisi wote. Ndio Lenox akaenda. Halafu yeye mwenyewe ilipomshika, tukamwambia, Zedi, hii ni ile ya Lenox. Akasema tumwache, atajua vile atafanya." Aliniangalia usoni, akaanza kuona alichokifanya. "Shem, nilidhani unajua."

"Sasa najua."

"Hata leo afadhali," akasema haraka, akitaka kunifariji. "Leo ako na ile dawa ya kuvuta. Amevuta mara mbili kabla aingie huko ndani."

Sikumwita. Ningemwita asingenisikia kwa kelele ya kompresa, na ningemgusa angenionyesha ile leso yake kama kinga. Nilirudi ghorofa ya sita nikaosha vikombe arobaini na viwili vya mkutano. Nilikuwa na hasira ambayo ingetosha kuvunja vyote, lakini hasira inataka nguvu, na mimi nguvu zangu zilishatumika kubeba zulia nje, kufua mapazia niliyowagawia watu, kusugua kuta na kupikia baridini kwa ajili ya kifua ambacho mwenyewe alijua kinaumwa nini.

Alirudi saa kumi na mbili na nusu. Sikuwa nimepika. Barua nilikuwa nimeiweka mezani, imefunguliwa.

"Nimetoka kwa Oloo," nikamwambia. "Nimesikia habari ya Lenox."

Alikaa. Hakubisha, na kwa hilo namsifu. Alisugua uso kwa viganja.

"Nilikuwa nangoja nihakikishe," akasema.

"Miaka miwili, Baba Dan?"

"Unajua Lenox anafanya nini sasa? Anachoma mahindi kwa steji ya matatu. Lenox, mtu watu walikuwa wanatoka Karen kumtafuta. Mimi bila rangi ni nani, Mama Dan? Nitashika nini?"

Ilikuwa hofu ya kweli na niliielewa. Ningeibeba pamoja naye kama angeniambia. Nilimuuliza swali moja nililokuwa nalo tangu mchana.

"Na mama yako alipokuwa akisema ni mimi? Ivyne alipokaa hapo Jumanne akasema anakuchukua? Wewe ulikuwa unajua. Ulikuwa umekaa hapo hapo unajua."

"Nilijua wewe utavumilia," akasema.

Alisema kwa upole, kana kwamba ananisifu. Nadhani ilikuwa sifa kweli, na ndiyo iliyoniumiza kuliko yote.

Nikatoa kadi ya simu niliyonunua njiani, nikaikwaruza, nikaingiza namba, nikamwekea simu mkononi. "Mpigie Ivyne. Mwambie wewe mwenyewe."

Akapiga. Ivyne huongea kwa nguvu, mtu wa pembeni husikia kila neno.

"Ivyne," Zedekiah akaanza, "kesho usikuje na gari. Si..." Kikohozi kikamkata. Saa ilikuwa imefika, hadina ya Loresho ilikuwa imeanza kazi yake. Nilisikia kifua kinalia kutoka nilipokaa.

"Unapumua hivyo kwa nini?" Ivyne akapaza sauti. "Uko kwa hiyo nyumba? Huyo mwanamke amewasha nini tena? Zedi, toka nje! Toka sasa hivi!"

Akanitazama. Mara zote pumzi ilipomwishia katikati ya sentensi, nilimmalizia mimi: kwa mchungaji, kwa mwenye nyumba, kwa daktari. Alikuwa anangoja nimmalizie. Nilimpa inhela, maana sikutaka afe, kisha nikakunja mikono.

Alivuta mara mbili. Akangoja, akavuta tena.

"Hajawasha kitu," akasema. "Si yeye, Ivyne. Ni rangi. Daktari amesema. Na mimi nilijua tangu Lenox. Nilijua, nikawaacha mseme ni yeye."

Nilisogea karibu na simu.

"Uliniacha nimwambie mwenzangu maneno yale," Ivyne akasema, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. "Sasa nifanye aje na gari ya watu?"

Zedekiah aliziba simu kwa kiganja. "Jumatatu siendi gereji," akaniambia. "Naapa, Mama Dan. Nimeacha. Nimwambie asikuje?"

Siku nne nzima nilikuwa nimeiombea pikap hiyo iharibike njiani. Nilimwangalia mume wangu, macho yake mekundu, vipele shingoni, mtu ninayempenda na ambaye sikuweza kumhudumia hata kwa glasi ya maji jioni hiyo.

"Nimefurahi umeacha," nikamwambia. "Mwambie gari lije."

"Mama Dan..."

"Lije tu."

Akamwambia. Nikampangia nguo zake kwenye sanduku, nikaweka inhela juu kabisa pamoja na barua, mahali Ivyne ataziona akifungua. Kisha nikapanda kitandani kabla yake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mwaka 2004, na kama alikohoa usiku huo mimi sikusikia.